Kuona bila kuonana

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili, kijana aliyezaliwa na kulelewa upande wa Diani, alinifuata ofisini baada ya kipindi cha mofolojia huku ameshika simu yake mkononi. Nilidhani anataka kuniuliza juu ya zoezi la viambishi nililokuwa nimewapa. Kumbe alitaka nimwone mamake. Katika kioo cha simu palikuwa na ufuo mweupe, minazi miwili iliyoinama, maji yaliyokupwa, na pembeni kabisa mwa picha, mwanamke aliyeketi juu ya kigoda kando ya kamba iliyotundikwa leso. "Mwalimu, mama yupo hapa," akaniambia, kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni pake tangu ajiunge na chuo. "Kila asubuhi kabla sijaja darasani humwangalia kwanza."

Picha ile ilitoka katika kamera ambayo hoteli moja imeitungika juu ya paa lake kuelekea baharini. Hurusha picha mchana kutwa na usiku kucha, ili mtu aliye Ulaya anayefikiria kuja likizo ajionee mwenyewe kama jua linawaka au mvua inanyesha. Mama yule hakuwekwa pale na hoteli. Amekuwa akiuza leso na shanga mahali pale tangu kamera hiyo haijakuwapo. Siku moja alijikuta ndani ya picha, au niseme kwa usahihi zaidi, hakujikuta, kwa maana hakuna aliyemwambia.

Kijana alipoondoka nilibaki nikilitafakari lile neno "hapa". Lugha yetu ina ukwasi mkubwa katika kutaja mahali. Tuna pa- ya mahali mahususi, ku- ya mahali pasipo mipaka dhahiri, na mu- ya ndani. Mtu aliyesimama Nairobi akimtaja mzazi wake aliye Diani, mwendo wa kilomita karibu 500, tungetarajia aseme "yuko kule". Kijana yule hakukosea hata hivyo. Kwake yeye mama alikuwa hapa, kiganjani mwake. Wahenga waliosema asiyekuwepo na lake halipo hawakuwa wameona siku ambapo mtu asiyekuwepo atakuwepo, na ambapo yule aliyepo atatazamwa na watu wasiokuwepo.

Jambo hili limeenea duniani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Yeyote mwenye simu na vifurushi vya intaneti aweza sasa hivi kutazama njia panda ya Shibuya mjini Tokyo, ambapo umati wa watu huvuka barabara kwa pamoja kila taa zinapobadilika. Aweza kutazama kivuko cha waendao kwa miguu katika Abbey Road, London, kilichopata umaarufu kwa picha iliyo katika jalada la sahani ya santuri ya Beatles ya mwaka 1969. Hapo wageni husimama katikati ya barabara, wakampigia simu jamaa aliye nyumbani, wakapunga mkono, huku madereva wakipiga honi kwa hasira. Kuna kamera za fuo, za bandari, za minara, za madaraja. Hapa kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 2010, kampuni moja ya intaneti iliweka kamera katika mizunguko kadhaa ya barabara za Nairobi, na wafanyakazi wa ofisini wakawa wanachungulia msongamano kabla ya kuamua kama watoke saa kumi na moja au wangoje saa moja.

Asili ya yote haya ni uvivu wa wasomi, nami nalisema hili nikiwa mmoja wao. Mwaka 1991 watafiti wa tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Cambridge walichoka kupanda na kushuka ngazi kwenda kutafuta kahawa na kukuta birika ni tupu. Wakaelekeza kamera kwenye birika hilo, na picha yake ndogo, isiyo na rangi, ikawa inaonekana mezani pa kila mmoja wao. Mwaka 1993 picha hiyo ilifunguliwa kwa ulimwengu mzima, na watu wa mabara yote, ambao katu wasingekunywa hata tone la kahawa ile, wakawa wanaitazama. Kamera ilizimwa mwezi wa Agosti mwaka 2001. Birika lenyewe likauzwa kwa mnada kwa zaidi ya pauni 3,000. Birika, bila shaka, halina aibu wala mwana anayelililia kutoka mbali.

Vituo vyetu vya runinga huziita picha kama hizi "mubashara". Neno hili ni la Kiarabu, na mzizi wake una maana ya ngozi. Kufanya jambo mubashara ni kulifanya kwa mgusano, ngozi kwa ngozi, pasipo kitu cha kutenganisha. Kutoka mzizi huohuo Waarabu wamelipata neno lao la binadamu, kiumbe mwenye ngozi iliyo wazi. Sasa tazama, msomaji, tulivyoligeuza. Tumelichukua neno la mgusano tukaliita jambo ambalo sifa yake kuu ni kwamba hakuna anayemgusa mwenzake. Wala uharaka wake si kamili kama tunavyoambiwa. Picha hukatwakatwa, hufungwa, husafirishwa na kufunguliwa tena, na kazi hiyo huchukua sekunde kadhaa, pengine nusu dakika. Tunaposema "gari linapita", kwa kweli gari limekwisha kupita. Wakati wa kamera si -na- bali ni -me- iliyovaa kanzu ya -na-.

Nusu dakika si kitu kwa mtu anayetazama mawimbi. Lakini nusu dakika ni kitu kikubwa kwa aliye mahali penyewe, na hakuna kisa kinachonionyesha hivyo kuliko kile cha Baltimore, Marekani.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2024, kamera iliyokuwa ikirusha picha za bandari ya mji huo saa zote ilikuwa imeelekezwa kwenye daraja la Francis Scott Key, daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1977 na lililokuwa likipitisha barabara kuu juu ya mdomo wa bandari. Meli ya makontena iitwayo Dali, yenye urefu wa mita zipatazo 300, ilikuwa ikitoka. Katika picha taa za meli zazimika, zawaka, zazimika tena. Kisha meli yaigonga nguzo, na daraja laanguka lote kwa muda mfupi kuliko ule unaotosha kusoma aya hii. Saa ilikuwa saa saba na nusu hivi za usiku. Kulipokucha, dunia nzima ilikuwa imekwisha kuona, na wengi wetu tuliona zaidi ya mara moja.

Juu ya daraja hilo walikuwako wafanyakazi wanane wa barabara waliokuwa wakiziba mashimo. Sita kati yao walikufa. Walikuwa wahamiaji waliotoka Mexico, Guatemala, Honduras na El Salvador. Magari mengine mengi yaliokoka, na yaliokoka kwa maneno. Kutoka melini ulitolewa wito wa hatari kwa redio. Wito ukapokelewa, ukapitishwa kwa polisi. Askari waliokuwa katika ncha mbili za daraja wakasimamisha magari. Mawasiliano hayo yote yalikuwa maneno machache ya watu waliojuana kazi, yaliyosemwa na kusikika katika muda wa dakika moja au mbili. Kwa wale wanane hakuna aliyefika kwa wakati kuwaonya. Kamera iliona kila kitu na haikumwambia mtu yeyote lolote. Jicho lilikuwako, ila halikuwa na kinywa.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na sikuweza kutazama picha zile bila kurudi nyuma. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na nchi kavu ikiwa imejaa watu waliokuwa wakienda kazini asubuhi, na watu 272 wakafa. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Hakuna aliyekuwa na picha ya tukio lile. Tulilipata kwa redio, kwa vilio vilivyovuka kutoka mtaa hadi mtaa, kwa viti vilivyobaki wazi darasani. Miaka 25 baadaye, tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma likateleza kutoka ferini Likoni, ndani yake mkiwa na mama na binti yake. Safari hii simu za abiria zilikuwa tayari. Kabla jioni haijaisha, picha ya gari likizama ilikuwa imefika kila mahali panaposomwa Kiswahili. Miili yao ilitolewa majini tarehe 11 Oktoba, siku ya kumi na tatu. Tuliona upesi, tukaokoa polepole, au tuseme hatukuokoa kabisa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba tuzing'oe kamera. Kuna siku ambapo kuona mbali ni uhai wenyewe. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko lilipopiga chini ya bahari karibu na Sumatra, mawimbi yalichukua saa nyingi kuivuka Bahari ya Hindi. Habari zilipitwanguliwa na mawimbi mahali pengi, lakini Kenya habari zilitangulia. Fuo zetu ziliondolewa watu, na tukampoteza mtu mmoja, huko Malindi, ilhali majirani zetu wa Somalia walizika mamia. Na juzijuzi tu tumeona jinsi picha za moja kwa moja zinavyoogopwa na wenye nguvu. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya maandamano ya kuwakumbuka waliouawa mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano iliviagiza vituo vya redio na runinga vikome kupeperusha maandamano hayo moja kwa moja, na vituo kadhaa vikazimiwa mitambo kabla Mahakama Kuu haijalisimamisha agizo hilo. Mtu anayezima kamera wakati bunduki zi barabarani ana sababu zake, na sababu hizo si za kumsitiri raia.

Kwa hiyo swali haliwezi kuwa kamera au hakuna kamera. Kwangu mimi swali ni la kauli za vitenzi, na naomba walimu wenzangu wanivumilie maana nimo katika shamba langu.

Kitenzi "ona" kikinyambuliwa hutupa "onwa", "onekana" na "onana". Wanafunzi wa kidato cha tatu huyajua haya kwa ajili ya mtihani, kisha huyasahau. "Onwa" ni kauli ya kutendwa. Ukisema mtu ameonwa, msikilizaji anayo haki ya kuuliza ameonwa na nani. Nafasi ya mtenda ipo hata pale asipotajwa. "Onekana" ni kitu kingine. Ni kauli ya kutendeka, na katika kauli hii mtenda hana kiti. Hatusemi kikombe kimevunjika na Juma. Kikombe kimevunjika, basi. (Najua kwamba magazetini siku hizi twasoma "alionekana na majirani". Wahariri watanisamehe.) Na "onana" ni kauli ya kutendana, ambapo kila mmoja ni mwenye kuona na mwenye kuonwa kwa wakati uo huo. Si ajabu kwamba tunapoagana twasema "tutaonana", wala hatusemi "nitakuona" isipokuwa tunatishana.

Mabango machache yanayotujulisha juu ya kamera, yale yaliyoandikwa kwa Kiswahili, hupenda kauli ya kutendeka. Utasoma kwamba eneo hili lina kamera, au kwamba unaonekana. Unaonekana na nani? Yako macho ya nani nyuma ya chuma kile? Sarufi imemficha mtenda, na aliyeandika bango huenda hakukusudia, lakini amefaidika. Mwaka 2014 serikali ilitoa kandarasi ya kuweka kamera zipatazo 1,800 za polisi katika miji ya Nairobi na Mombasa. Walau hizo twajua ni za nani, na siku ya kulalamika twajua tubishe mlango upi. Kamera ya hoteli, ya duka, ya jengo la ghorofa linalotazama barabara, macho yake yametapakaa duniani. Anayetazama aweza kuwa mtalii mwema wa Hamburg, aweza kuwa mume aliyeachwa anayemtafuta mkewe, aweza kuwa mwana mwenye upweke.

Sheria yetu, kusema haki, haikuridhika na kauli ya kutendeka. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 champa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yasema kwamba habari yoyote inayomhusu mtu anayetambulika ni data yake, na kwamba anayeikusanya sharti amjulishe mhusika kabla, amwambie ni nani anayekusanya, kwa shabaha gani, na nani mwingine atakayeipata. Huo, kwa lugha ya darasani, ni mwito wa kumrudisha mtenda kwenye sentensi. Na si sheria ya kwenye makaratasi tu. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto pasipo idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani shilingi 1,850,000 kwa kuanika picha ya mteja ambaye hakuulizwa. Walimu wakuu wanaopenda kupachika mtandaoni kila gwaride na kila siku ya michezo wangefaa kuisoma hukumu hiyo ya kwanza kabla ya muhula kufunguliwa.

Mwenye hoteli ana majibu mawili, na nimeyasikia yote. La kwanza ni kwamba kamera iko mbali mno, watu ni nukta tu ufuoni, hakuna anayeweza kutambulika. Jibu hili lina nguvu mpaka ukumbuke kijana wangu. Yeye hakuuona uso wa mamake. Alimjua kwa jinsi anavyoketi, kwa mguu mmoja aliounyoosha kwa sababu ya goti linalomsumbua, na kwa jinsi anavyoanua leso kutoka kamba kwa mkono wa kushoto. Anayekujua hahitaji uso wako, na mara nyingi wale ambao mtu angependa wasimwone ni hao hao wanaomjua.

Jibu la pili ni zito zaidi. Ufuo ni mahali pa hadhara. Macho hayana pazia. Apitaye njiani humwona mama yule bila kutaka idhini, iweje kamera itakiwe idhini?

Hapa naona neno "faragha", tulilolichagua kutafsiri dhana ya kisheria, limetupunguzia kitu. Faragha asili yake ni nafasi tupu, mahali pa mtu kuwa peke yake. Mama aliye ufuoni kweli hayumo faraghani. Lakini Waswahili wana neno jingine, stara, litokanalo na kusitiri. Stara haihitaji upweke. Mtu aweza kuwa sokoni katikati ya watu elfu na bado akawa na stara yake, kwa sababu wale watu elfu wanajua wapi pa kutazama na wapi pa kupitisha macho. Mvuvi akijifunga upya kikoi chake ufuoni, wapitao hugeukia bahari. Nyumba za kale za Lamu zilijengwa kwa kanuni hiyo. Unapotoka njiani huingia dakani, kisha tekani, na mlango hupindishwa ili macho ya mpita njia yasipenye hadi kiwanda. Dakani mtu huketi kwenye baraza akaona watu na kuonwa, lakini kila apitaye hutoa salamu na huitikiwa. Kuona kulilipiwa kwa salamu. Na anayetaka kwenda ndani zaidi hupiga hodi, akangoja karibu.

Kamera haisalimu wala haigeukii bahari. Mpita njia akimkodolea macho mama yule, mama aweza kumwuliza, "Baba, wanunua leso au watazama tu?" naye ataona haya aende zake. Kwetu haya hukaa machoni. Jicho lisilo na uso halina mahali pa kuiweka haya. Hiyo ndiyo tofauti, na hoja ya "mahali pa hadhara" hupita juu yake kama gari linalopita juu ya tuta bila kupunguza mwendo.

Naongeza hili kwa kifupi kwa kuwa linatugusa watu wa Pwani. Katika picha zile, mara nyingi sisi ndio mandhari. Mwaka 2020, anga yetu ilipofungwa kwa safari za abiria wa kimataifa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Agosti kwa ajili ya korona, watu wengi nje walijiliwaza kwa kutazama fuo na wanyama wetu kwa kamera. Sina kinyongo na hilo. Kiboko wa Laikipia hatapeleka kesi mahakamani. Lakini mchuuzi, mvuvi, kijana wa ngalawa na mtoto anayeoga akiwa uchi si sehemu ya mandhari, na bei ya chumba haiwajumuishi.

Narudi kwa mama yule. Baada ya mazungumzo yetu nilimwuliza kijana kama amemwambia mzazi wake kwamba humtazama. Alinyamaza. Hakuwa amemwambia, aliogopa, nadhani, kuipoteza ile asubuhi yake. Nilimwambia ni juu yake kuamua. Wiki ile ile alimpigia simu.

Kwa maelezo yake, mama kwanza alicheka sana. Akamwuliza kama ameona jinsi mbuzi wa jirani alivyokula kona ya leso mpya. Kisha akauliza swali ambalo mimi na shahada zangu zote sikuwa nimeliuliza: "Na mimi, mwanangu, nitakuonaje wewe?" Kijana hakuwa na jibu. Halafu akauliza ni nani wengine wanaotazama. Kijana akamwambia ukweli, kwamba pembeni mwa picha huandikwa idadi ya watazamaji, na jana yake usiku walikuwa 41. Mama alirudia ile namba mara mbili.

Kwa siku tatu zilizofuata alikuja ufuoni amevaa baibui jipya katika jua lile la Februari. Siku ya nne hakuonekana. Alikuwa ameihamisha kamba yake upande wa pili wa minazi, mahali ambapo upepo ni mkali na wateja ni wachache, lakini kamera haifiki. Kijana aliniambia habari hizi kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Nilijaribu kumfariji kwa kusema kwamba siku hizi simu ina njia ya kuzungumza mkiwa mnatazamana. Akanijibu kwa adabu, "Ndiyo, Mwalimu, ila simu ya mama ni ile ya vibonye."

Niliiandikia hoteli barua, kwa Kiswahili, nikieleza ninayoyaeleza hapa bila kumtaja mtu. Nilijibiwa kwa upole, kwa Kiingereza, kwamba hoteli inaheshimu sheria na kwamba bango la kuwajulisha watu litawekwa. Na kweli, kijana alipokwenda nyumbani likizo ya Aprili alilikuta bango, limepigiliwa misumari kwenye mnazi ule ule uliokuwa ukimtilia mamake kivuli. Limeandikwa kwa Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano. Mama alimwomba amsomee. Kijana alianza kutafsiri kisha akakwama njiani, asijue aseme "unaonekana" au "unaonwa", akanitumia ujumbe kuniuliza lipi ni sahihi. Nilimtaka aniandikie maneno ya bango kama yalivyo. Hayakutaja popote ni nani anayetazama, wala jina la anayemiliki kamera, wala namba ya kupiga. Nikamwambia atafsiri kama lilivyo, kisha amwambie mama kwamba nimeandika barua ya pili.